Askari wa 1914 Mezani: Namna ya Kuanza na Kumaliza Kikosi cha Visanamu

Swali linalonifikia kuliko yote ni hili: "Natamani kukusanya na kupaka rangi visanamu vya askari wa zamani kwa ajili ya michezo ya vita ya mezani, lakini nianzie wapi?" Anayeuliza huwa ameshaona picha za majeshi ya Napoleon yaliyopangwa kwa mamia, akapiga hesabu ya fedha na muda, akaishiwa nguvu kabla hajanunua hata brashi. Nimeandika kwa ajili yake. Hapa nitasema ununue nini, upake vipi, na wengi hukwama wapi.

Ushauri ninaousimamia kuliko mwingine wowote ni huu: anza na vita vilivyopiganwa kwetu, kampeni ya Afrika Mashariki ya 1914 hadi 1918, na anza na watu 12 tu. Hao 12 wakishakamilika, ndipo tuzungumze juu ya wengine.

## Kwa nini kampeni hii

Kwanza, vikosi vilikuwa vidogo. Vita vilipoanza, jeshi la Wajerumani katika koloni lao, Schutztruppe, lilikuwa na kombania 14 za uwanjani: askari Waafrika karibu 2,500 na Wajerumani karibu 260. Ukihesabu kisanamu kimoja kwa kila watu kumi, kombania nzima inaenea juu ya sinia la chai.

Pili, sare zake hazimkatishi tamaa anayeanza. Ni kaki, ngozi, mbao na vumbi, hakuna nyuzi za dhahabu wala vifungo ishirini kifuani.

Tatu, ushahidi uko jirani. Dar es Salaam kuna Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927. Nairobi, kwenye Barabara ya Kenyatta, kuna kundi la sanamu, na mmoja wao ni mpagazi. Mombasa, ndani ya Fort Jesus, kuna mzinga wa milimita 105 ulioopolewa kwenye meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliyozama mtoni Rufiji Julai 1915. Nenda na simu yako upige picha pande zote, hasa mgongoni, maana vitabu huonyesha kifua, nawe utalazimika kupaka na mgongo. Tahadhari moja: sanamu hizo zilitengenezwa baada ya vita kwisha, kwa hiyo usizichukue kama kipimo cha mavazi ya 1914.

## Chagua kanuni kwanza, ndipo ununue

Wengi hununua visanamu vilivyowapendeza, kisha wakaanza kutafuta mchezo wa kuvichezea. Matokeo yake ni droo iliyojaa watu wasioweza kukaa meza moja. Kanuni ndizo zinazoamua kikosi kiwe na watu wangapi, wasimame mmoja mmoja au kwa makundi, na vitako wanavyosimamia viwe na upana gani.

Kwa kuanzia, napendekeza kitabu cha kanuni cha Daniel Mersey, *The Men Who Would Be Kings*, kilichotolewa na Osprey mwaka 2016. Kimeandikwa kwa ajili ya vita vya kikoloni, na kinakubali mapigano ya 1914 kwa marekebisho machache. Kikosi cha askari wa kawaida humo kina watu 12. Vikosi vinne kila upande vinatosha kwa mchezo wa jioni moja.

Fuata mpangilio huu bila kuruka:

1. Soma kanuni, ucheze mara moja kwa vifuniko vya soda badala ya visanamu. Kama mchezo wenyewe haukukuvutia, umejua kabla ya kutoa fedha.
2. Andika kikosi kimoja kwenye karatasi: watu 12, ofisa akiwa miongoni mwao.
3. Nunua hicho tu. Kimalize rangi, vitako na vanishi.
4. Kikosi cha pili kiwe cha upande wa adui.

Hatua ya nne huwashangaza watu, lakini wachezaji wenye majeshi yao bado ni wachache katika miji yetu. Ukiwa na pande mbili, unaweza kumwalika yeyote, akaja mikono mitupu mkacheza.

## Ukubwa gani?

Milimita 28 kwa anayetaka kuona nyuso na kupaka kwa raha. Milimita 15 kwa anayetaka kupanga mapigano makubwa kwenye meza ndogo, tena kifurushi chake ni chepesi kwenye posta. Mimi nakupendekezea 28 kwa kikosi cha kwanza, kwa sababu utajifunza kupaka uso, na uso ndio utakaokufanya uendelee.

Usichanganye ukubwa kwenye meza moja. Vile visanamu laini vya plastiki vya kipimo cha 1/72 vinauzwa kwa bei nafuu, lakini kando ya vya milimita 28 vitaonekana kama watoto waliobeba bunduki.

## Unaponunua

Visanamu vingi vya kampeni hii ni vya chuma na hutoka ng'ambo. Brigade Games ya Marekani, kwa mfano, ina vya milimita 28 vya Afrika Mashariki. Kabla ya kulipa, angalia haya:

- Nauli na ushuru. Chuma ni kizito. Agizeni wawili au watatu pamoja, na uulize ushuru wa forodha kabla, si baada ya kifurushi kufika.
- Rangi za kopo la kupuliza. Posta ya ndege haizipokei. Usiziagize, praima ya kijivu isiyong'aa inapatikana kwenye maduka ya rangi za magari.
- Bunduki. Tazama picha kwa makini. Bunduki za Waingereza aina ya Lee-Enfield zina kisanduku cha risasi kinachochomoza mbele ya kifyatulio. Mwaka 1914 kombania nyingi za Schutztruppe bado zilikuwa na bunduki ya Mauser ya 1871, ya risasi moja moja, isiyo na kisanduku hicho. Muuzaji akikuletea askari wa Wajerumani mwenye kisanduku kilichochomoza, amekuuzia mtu aliyeshika bunduki iliyotekwa kwa adui, na wa namna hiyo asiwe zaidi ya mmoja au wawili kikosini.
- Visanamu vya zamani. Vingi vina madini ya risasi ndani yake. Usivipige msasa vikavu, usile unapovishika, na nawa mikono kwa sabuni. Visiwe vya kuchezewa na watoto.
- Vilivyochapishwa kwa printa ya 3D. Vinaweza kuwa vizuri sana na rahisi. Hakikisha vimeoshwa na kukaushwa sawasawa. Kama vinanata mkononi, vaa glavu na uvirudishe.

## Vifaa vya kuanzia

Usinunue seti ya rangi hamsini. Zinazohitajika ni hizi:

- Rangi za akriliki za maji: nyeusi, nyeupe ya maziwa, kahawia iliyoiva, kahawia nyekundu, manjano ya udongo, kaki, bluu iliyoiva, na rangi ya chuma.
- Brashi mbili nzuri, namba 1 na namba 0, na moja chakavu ya kusugulia.
- Kisu chembamba, tupa ndogo, mswaki uliochoka.
- Gundi kali ya matone kwa chuma, gundi nyeupe ya seremala kwa vitako.
- Vifuniko vya chupa vya kubandikia visanamu unapopaka, ili vidole visiguse rangi.
- Taa yenye mwanga mweupe. Anayepaka usiku chini ya balbu ya njano hushtuka asubuhi kuona kaki yake imegeuka kijani.

Ukiwa na fedha ya kitu kimoja kizuri tu, iwe brashi. Ioshe kila baada ya rangi, uinyooshe ncha kwa vidole, na uiweke ncha ikitazama juu. Usiilambe, hata kama umeona wapakaji wengine wakifanya hivyo. Kwenye rangi mna vitu visivyofaa kuingia tumboni.

## Kusafisha na praima, hasa kwa wa pwani

Kata mabaki ya chuma kwa kisu, lainisha mistari ya kalibu kwa tupa, kisha osha visanamu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Kiwandani kalibu hupakwa poda au mafuta ili visanamu vitoke, na rangi haishiki juu yake. Acha vikauke usiku kucha.

Praima ndiyo inayowaliza wakazi wa Tanga, Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, praima ya kupuliza huganda kama chengachenga, na vanishi hugeuka ukungu mweupe usiotoka. Kwa hiyo:

- Puliza mchana jua likiwa limeshakausha hewa, si alfajiri, si jioni, wala si baada ya mvua.
- Tikisa kopo dakika mbili kamili.
- Simama umbali wa sentimita 25 hivi, upulize kwa kupitisha haraka. Tabaka mbili nyembamba zinashinda moja nene.
- Jaribu kwanza kwenye kipande cha ziada. Rangi za magari nyingine huyeyusha plastiki.

Msimu wa masika uache kupuliza kabisa. Paka praima ya akriliki kwa brashi. Inachukua muda, lakini haikuharibii kitu.

## Rangi ya ngozi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maelekezo mengi ya ng'ambo yanapoifikia ngozi nyeusi husema "kahawia, kisha maji meusi" na kuendelea. Hiyo humpa askari uso kama wa kinyago kisichopigwa msasa. Askari wa Schutztruppe walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani na wengine wengi, na ngozi zao hazikuwa moja. Katika watu 12 tengeneza angalau mchanganyiko wa aina tatu.

Kwa uso mmoja:

1. Msingi. Kahawia iliyoiva pamoja na tone dogo la bluu iliyoiva. Usitumie nyeusi, nyeusi huifanya ngozi iwe ya majivu. Funika uso, shingo, mikono na miguu.
2. Vivuli. Ongeza maji na bluu zaidi kwenye mchanganyiko uleule, uipitishe chini ya kidevu, kwenye mashimo ya macho na kando ya pua.
3. Mwili wa rangi. Msingi pamoja na kahawia nyekundu. Paka paji, mashavu, pua, kidevu na sehemu ya juu ya masikio, ukiacha vivuli vionekane.
4. Mwanga. Ongeza manjano ya udongo. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuongeza nyeupe, na uso ukaonekana umepakwa unga. Manjano ya udongo huleta uhai. Gusa mfupa wa shavu, mgongo wa pua, na vifundo vya vidole.
5. Nukta ya mwisho. Ngozi nyeusi juani hung'aa kwa nukta ndogo kali kuliko ngozi nyeupe. Weka nukta moja ndogo ya manjano ya udongo iliyochanganywa na nyeupe ya maziwa kidogo kwenye paji na moja kwenye shavu. Basi, usiendelee.

Viganja viwe vyepesi kuliko mgongo wa mkono, vyenye wekundu kidogo. Midomo ni msingi pamoja na kahawia nyekundu, si nyekundu. Macho yakikushinda, yaache yawe vivuli. Kisanamu hutazamwa kwa umbali wa mkono, na macho meupe yaliyotumbuka huharibu uso mzuri kuliko kutokuwepo kwa macho. Ukitaka kuyapaka, tumia kijivu chenye nyeupe ya maziwa, kisha nukta ya kahawia iliyoiva.

Jichunguze mkono wako mwenyewe dirishani kabla ya kuanza: rangi ya kivulini na rangi ya juani. Tuna faida hiyo juu ya wapakaji wengi wa Ulaya, nasi tuitumie.

## Sare: nani alivaa nini

Askari wa Schutztruppe. Suti ya kaki, tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki chenye pazia la kukinga shingo, mikanda na mikoba ya risasi ya ngozi ya kahawia. Vitambaa vya kuzungusha miguuni vilikuwa vya bluu iliyoiva mwanzoni. Vita viliporefuka na meli za adui zikafunga pwani, nguo zilifumwa na kuchovywa rangi za mimea humu humu nchini. Kikosi cha 1917 kisiwe na kaki ya namna moja. Changanya upya kwa kila watu wawili.

King's African Rifles, askari Waafrika wa Waingereza, 1914. Sweta ya bluu iliyoiva, kaptura ya kaki, tarbushi yenye kifuniko cha kaki, na wengi miguu mitupu au ndara. Vumbi jekundu mpaka vifundoni, kwa brashi kavu, linampendeza sana askari huyu.

Wahindi wa Tanga. Jeshi lililotua Tanga Novemba 1914 lilitoka India, na ndani yake mlikuwa na 13th Rajputs, Kashmir Rifles na Waingereza wa 2nd Loyal North Lancashire. Hatari iko kwenye vilemba: kila kikosi kilikuwa na ufungaji wake. Usinunue "Wahindi" kwa jumla jumla.

Force Publique, jeshi la Wabelgiji la Kongo, walioingia Tabora Septemba 1916, waache mpaka uwe umemaliza pande mbili za kwanza. Mavazi yao yalibadilika kutoka bluu hadi kaki katikati ya vita, na mtu huchanganyikiwa.

Na picha za zamani? Zinakudanganya kwenye rangi. Filamu za wakati ule ziliiona nyekundu kama karibu nyeusi, na bluu kama nyepesi. Tarbushi inayoonekana nyeusi pichani huenda ilikuwa nyekundu. Tumia picha kwa mikunjo, mikanda na namna ya kubeba vitu. Rangi itafute kwenye maandishi na kwenye nguo zilizohifadhiwa.

## Wapagazi

Kikosi kisicho na wapagazi si kikosi cha vita hivi. Hakukuwa na magari ya kutosha, ndorobo waliua wanyama, kwa hiyo kila risasi na kila kibaba cha unga vilisafiri kichwani mwa mtu. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi.

Baadhi ya wasomaji wameniuliza kama ni haki kuchezea vita vilivyowamaliza babu zetu. Nalichukua swali hilo kwa uzito. Jibu langu liko mezani: usiwaache nje. Paka wapagazi kwa uangalifu uleule unaowapa maofisa, kila mmoja na uso wake, na uwape nafasi katika kanuni. Sheria ninayopendekeza ni rahisi: kila rashasha iende na wapagazi wanne, wakibaki chini ya wawili, haisogei tena. Mchezaji atawalinda, na ataelewa kwa nini vita vilikwenda vile vilivyokwenda. Kama bado moyo wako unakataa, usijilazimishe.

Kwa mavazi: shuka au kaptura iliyochakaa, kifua wazi, blanketi lililokunjwa begani. Masanduku yawe na mbao za rangi tofauti tofauti.

## Ardhi na nyasi

Vifaa bora vya mandhari vya kampeni hii tunavyo bure, na ajabu ni kuwa watu wanaviagiza kutoka Ulaya.

- Udongo mwekundu uliochekechwa kwa chujio la chai, juu ya gundi ya seremala. Mchanga wa pwani uoshe kwanza kwa maji baridi mara kadhaa, kwani chumvi hufyonza unyevu na kuibandua rangi.
- Katani. Fumua kamba ya katani, kata vipande vya sentimita moja, simamisha kwenye gundi. Ni nyasi kavu za Afrika Mashariki hasa. Zipake ncha manjano ya udongo.
- Makumbi ya nazi kwa vichaka na magugu.
- Sufi au pamba kwa moshi. Ile Mauser ya 1871 ilitumia baruti yenye moshi mzito uliomfichua mpigaji. Weka kitonge mbele ya kikosi kilichofyatua, na adui ajue pa kulenga.

Usiweke vitako vya kijani kibichi kama uwanja wa mpira wa Uingereza.

## "Nianze na pambano lipi?"

Tanga, lakini si Tanga yote. Kati ya tarehe 2 na 5 Novemba 1914, watu karibu 8,000 wa Jenerali Arthur Aitken wa upande wa Waingereza walishindwa na kama 1,000 wa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Schutztruppe, wakaacha nyuma bunduki, rashasha na risasi zipatazo 600,000. Chukua kona moja: vikosi viwili vya Wahindi wakipita shambani kuelekea njia ya reli, na kombania moja imejificha mbele yao. Ongeza nyuki. Walikuwepo kweli na waliwashambulia watu wa pande zote mbili. Kila zamu tupa dadu. Ikitua 1, kikosi kilicho karibu zaidi na miti kinarudi nyuma bila kufyatua, kiwe cha nani kiwe.

## "Mkono wangu unatetemeka"

Wa kila mtu hutetemeka. Egemeza viwiko mezani, gusanisha vifundo vya mikono, kisha pumua nje unapogusa rangi. Paka rangi moja kwa watu sita kwa mpigo, si mtu mmoja mpaka mwisho. Mkono hupata mazoea. Rangi iwe nyembamba kama maziwa, na tabaka mbili. Kosa likitokea, lisubiri likauke ndipo ulifunike, kwani kulifuta likiwa bichi huliongeza.

## Vanishi na kuhifadhi

Visanamu vya mchezo vinashikwa, kwa hiyo vanishi ni lazima: tabaka moja inayong'aa kwa ulinzi, ikikauka siku nzima, kisha moja isiyong'aa juu yake. Zote kwa siku kavu.

Kwa kuhifadhi, bandika sumaku nyembamba chini ya kila kitako na uvisimamishe kwenye sanduku la bati la biskuti. Havitagongana njiani. Tupia na pakiti moja au mbili za zile chembe za kunyonya unyevu zinazokuja ndani ya masanduku ya viatu, na uzibadilishe masika yakiisha. Usiache sanduku ndani ya gari lililoegeshwa juani: gundi hulegea, na bunduki za plastiki hupinda. Bunduki ya chuma ikipinda, inyooshe polepole kwa vidole mara moja tu. Ukiirudiarudia itakatika pale pale penye mkono, na kuiunganisha hapo kunahitaji kutoboa kwa kekee nyembamba na kupitisha waya.